Kabla Hujafuta Maneno

Msomaji, kuna kosa la kompyuta ambalo huja pale unapodhani umekwisha maliza kazi. Umeandika programu yako faili moja baada ya nyingine. Kila faili umeipitisha kwa kompaila, yule mwalimu mkali anayesahihisha insha kwa kalamu nyekundu: hapa umesahau nukta-mkato, hapa umetumia jina bila kulitambulisha. Umesahihisha, umerudia, zote zimepita. Unajinyoosha kwenye kiti. Kisha inafika zamu ya linka. Huyu hasomi mistari yako. Kazi yake ni kuzichukua zile faili zilizopita, kuzishona pamoja na za maktaba ya lugha yenyewe, atoe programu moja inayokwenda. Naye anakuambia: pamejaa.

Hasemi mstari gani. Hasemi faili gani imezidi. Pamejaa, basi.

Nataka tuzungumze juu ya kosa hilo, maana mwaka 1997 nililiona likitaka kufukuza maneno ya watu. Sisemi kwa mfano. Maneno hasa, ya Kiswahili, yenye wenyewe.

Wakati ule mimi na mshikaji wangu mmoja tulikuwa tunajitolea katika jarida dogo la waandishi vijana, Dar es Salaam. Lilikuwa jarida la stensili na stepla, ofisi yake chumba kimoja cha kuazima. Mali kubwa mle ndani ilikuwa kompyuta moja ya mtumba, aina ya 386, yenye megabaiti 4 za kumbukumbu, MS-DOS 5.0, na diski za Turbo C 2.0, kompaila ya kampuni ya Borland ya Marekani. Ukumbuke kwamba Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Miaka ya tisini tulikuwa bado tunakimbizana na muda uliopotea. Mtu wa kumwuliza alikuwa adimu kama maji ya bomba Agosti.

Ndani ya mashine ile mlikuwa na programu ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Aliianza kaka mmoja aliyetutangulia, kisha akaenda zake kusoma nje. Alikuwa ameweka maneno 500, ya kutosha kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Programu ilisoma makala, na kila neno isilolijua ililiwekea nyota. Mpiga chapa akiona nyota, anarekebisha.

Hapo ndipo penye jambo. Nyota ile haikuwa na maana kwamba neno ni kosa. Ilikuwa na maana kwamba mashine hailijui. Lakini mtu mwenye kurasa thelathini za kupiga, na umeme unaoweza kukatika saa yoyote, hana nafasi ya kutofautisha hayo mawili. Kijana mmoja wa Tanga alituletea shairi lenye neno muhali. Likapata nyota. Likageuzwa kuwa muhimu. Wewe mwenyewe unaona: jambo muhali ni jambo lisilowezekana, jambo muhimu ni jambo la lazima. Ubeti ukatoka ukisema kitu ambacho mwenyewe hakukisema hata ndotoni. Alikuja ofisini na jarida amelikunja mfuko wa nyuma, akalifungua mezani, akaweka kidole juu ya lile neno, wala asiseme kitu. Dada mhariri akasoma, akamwomba radhi. Kisha akatugeukia sisi wawili: "Hiyo mashine yenu ijifunze Kiswahili, ama itoke humu."

Basi tukajifunga kibwebwe. Kwa miezi mitatu tuliokota maneno kwenye kamusi, kwenye mashairi yaliyoletwa, kwenye magazeti, ndani ya daladala. Tukaweka ghaidhi na huba. Tukaweka na kasheshe na mshikaji, maana jarida lilikuwa la vijana, na vijana hawasemi kama kamusi. Maneno yalipofika 2,400, linka akakataa. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja:

Group DGROUP exceeds 64K

Kwa Kiswahili cha kawaida: fungu la data limezidi kilobaiti 64, yaani baiti 65,536.

Mshikaji wangu alikuwa mtu wa vitendo. "Tupunguze," akasema. "Maneno mia tatu tu, itapita." Yapi? "Yale yasiyotumika." Akachukua karatasi akaanza kuorodhesha, na ya kwanza kabisa kuandikwa yalikuwa ya pwani na ya ushairi. Nikamwambia kama ni hivyo basi tutoe ya mtaani. Akasema jarida la vijana lisilojua kasheshe ni kitabu cha sala. Tukabishana mpaka mlinzi akaja kutuambia anafunga geti. Muhali lilikuwa la nne kwenye orodha yake.

Ujumbe ule wa linka, ndugu msomaji, una hila moja. Unasema pamejaa. Hausemi pamejazwa na nini. Na binadamu akiambiwa pamejaa, macho yake hayaendi kwenye mizigo. Yanaenda kwenye nyuso, kutazama nani atateremka.

Sasa, inakuwaje mashine yenye megabaiti 4 ilalamikie kilobaiti 64? Hapo inabidi turudi mwaka 1978. Mwaka huo kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa chipu iitwayo 8086. Ilifanya hesabu zake kwa namba za biti 16, na namba kubwa kuliko zote inayoenea kwenye biti 16 ni 65,535. Ukihesabu pamoja na sifuri, unapata namba 65,536. Lakini Intel walitaka chipu ifikie baiti milioni moja na ushee, 1,048,576 kwa ukamilifu. Wakafanya ujanja wa mtaa na nyumba. Anwani ikagawanywa sehemu mbili: namba ya mtaa, ambayo inazidishwa kwa 16, kisha inajumlishwa namba ya nyumba. Mtaa mmoja, ambao wao wanauita segimenti, hauwezi kuwa na nyumba zaidi ya 65,536. Si kwamba ardhi imekwisha. Namba za nyumba ndizo zilizokwisha.

IBM walipotoa PC yao Agosti 1981 waliiwekea 8088, ndugu mdogo wa chipu ile, wa mwaka 1979. Katika megabaiti moja iliyofikika, programu ziliachiwa kilobaiti 640 za chini, na za juu yake zikatengewa kioo na mambo ya mashine yenyewe. Chipu ya 386 ilipotoka mwaka 1985 ilikuwa na nguvu nyingine kabisa, biti 32, lakini ukiiweka chini ya DOS na kompaila kama Turbo C 2.0, ilitembea mwendo wa babu yake. Ndiyo maana mfadhili mmoja alipojitolea kutununulia kumbukumbu zaidi, isingesaidia kitu. Ni sawa na kumwongezea viwanja mtu ambaye fomu yake ya anwani ina visanduku vichache. Atajenga, lakini barua hazitamfikia.

Turbo C ilikuwa na mitindo sita ya kuipanga mitaa hii, yenye majina yake: tiny, small, medium, compact, large na huge. Katika tiny, kila kitu kinabanana mtaa mmoja. Katika small, ambao ndio unaokuja wenyewe usipochagua, amri za programu zina mtaa wao na data zina mtaa wao. Katika medium, amri zinaruhusiwa kuenea mitaa mingi, data zinabaki mtaa mmoja. Compact ni kinyume chake. Large inatanua pande zote mbili.

Jamaa mmoja wa chuo akatushauri: "Wekeni large, mtamaliza." Ushauri mzuri masikioni. Tukaweka large, na kosa likabaki lile lile, herufi kwa herufi. Hapa ndipo wengi walipokuwa wanalia. Katika Turbo C, large inakupa pointa ndefu zinazofika mbali wakati programu inakwenda. Lakini data zilizotangazwa tangu mwanzo, zile zisizohama, bado zinarundikwa zote kwenye fungu moja la kilobaiti 64. Huge peke yake ndiyo inayovunja mwiko huo, ikaruhusu data zisizohama zipite kiasi kile. Jina ni kubwa, lakini dari liko pale pale.

Na kubadili mtindo nako kuna masharti. Kompaila akikutana na jina la kitu kilicho katika faili nyingine, hajui kitakaa wapi. Anaacha pengo, kama mtu anayeandika barua na kuacha nafasi ya tarehe. Linka akishapanga kila kitu mahali pake, anarudi kuyajaza mapengo. Sasa ukipitisha faili moja kwa mtindo wa large na nyingine ikabaki ya small, au ukaunganisha na maktaba ya mtindo mwingine, utakuta pengo la baiti mbili linadaiwa anwani ya mtaa wa mbali. Haienei. Linka anasema Fixup overflow, yaani nilitaka kujaza pengo, anwani ikamwagika. Dawa yake si kuongeza kitu. Ni kufuta faili zote za kati, zile za OBJ, na kuzipitisha upya zote kwa mtindo mmoja na maktaba ya mtindo huo huo.

Upande wa amri nako kuna kosa la ukoo huo, Segment _TEXT exceeds 64K. Hili liliwapata sana wapenzi wa michoro, waliotaka kuzitia driva za picha za Borland ndani ya programu yao ili wasitembee na faili nyingi kwenye flopi. Driva moja, mbili, na fonti juu yake, mtaa wa amri umefurika. Borland wenyewe waliweka njia: kile chombo cha kugeuza driva, BGIOBJ, kilikuwa na alama ya /F ya kuipa kila driva mtaa wake. Tena unaona: hakuna kilichopunguzwa. Kimehamishwa tu.

Sisi hatukuwa na michoro. Tulikuwa na maneno. Mwishowe tukafungua menyu ya linka tukawasha kitu ambacho kwa kawaida kimezimwa, nacho ni ramani. Ukikiwasha, linka akimaliza kazi anakuachia faili ya maandishi inayoishia na herufi MAP. Kwa kuwa programu nzima ilikataa kuunganika, tuliyaweka kando nusu ya maneno kwa muda, yakabaki 1,200. Ikaunganika. Tukafungua ramani.

Ramani ya linka haina picha wala mito. Ina mistari: kitu kinaanzia wapi, kinaishia wapi, urefu wake, na kimetoka faili gani. Namba zake zinahesabiwa kwa kumi na sita badala ya kumi, kwa hiyo tulikaa na karatasi na kalamu. Faili ya skrini: 3E80, ambayo ni 16,000. Hiyo tuliielewa upesi. Skrini ya maandishi ina mistari 25 ya herufi 80, na kila herufi inachukua baiti mbili, moja ya herufi yenyewe na moja ya rangi. Hizo ni 4,000, na programu ilikuwa inahifadhi nakala nne ili kufungua na kufunga madirisha. Faili ya maneno: 5DC0, ambayo ni 24,000. Maneno 1,200. Mshikaji wangu akagawanya. Ikatoka ishirini.

Akanyamaza, akagawanya tena. Ishirini kamili, hakuna baki.

Lugha gani hiyo, bwana, ambayo kila neno lake lina urefu sawasawa? Hapo ndipo kila kitu kilipofunguka. Yule kaka aliyeanza alikuwa ametengeneza jedwali la vyumba vinavyolingana, kila chumba baiti 20, kila neno chumba chake. Kwa maneno yake 500 ilikuwa baiti 10,000, na wala hakuna aliyesumbuka. Ni njia nyepesi na ya haraka, na kwa ukubwa ule ilikuwa sahihi. Lakini katika jedwali hilo neno na, lenye herufi mbili na alama moja ya kuonyesha mwisho, lilikuwa limelala peke yake kwenye kitanda cha baiti 20. Kumi na saba kati ya hizo ni hewa. Hata yanayosababishwa, refu kama treni ya Kigoma, lina herufi 16, na ukiongeza alama ya mwisho ni 17. Bado linabakiza.

Tukapiga hesabu ya maneno yetu yote. Wastani ulikuwa herufi saba, na alama ya mwisho nane. Maneno 2,400 kwa baiti 8 ni 19,200. Lakini jedwali lilidai 48,000. Baiti 28,800 zilikuwa hewa tupu, zaidi ya nusu. Linka alikuwa anahesabu vyumba, hahesabu watu. Ukijumlisha 48,000 za jedwali na 16,000 za skrini unapata 64,000, ikabaki 1,536 ya kugawana ujumbe wote wa programu na mahitaji ya maktaba ya C. Ilikuwa lazima pajae. Na sisi usiku ule tulikuwa tunajadili kama muhali ateremke ili hewa ikae vizuri.

Dawa ilikuwa kubadili tangazo moja. Badala ya jedwali la vyumba sawa, likawa jedwali la anwani: kila neno linawekwa kwa urefu wake mwenyewe, yanafuatana bila nafasi, na jedwali linakumbuka tu kila moja linaanzia wapi. Katika mtindo wa small, anwani moja ni baiti mbili. Maneno 2,400, baiti 4,800 za anwani. Ongeza 19,200 za maneno yenyewe. Jumla 24,000. Nafasi ile ile ambayo jana yake ilibeba nusu, sasa ilibeba yote. Nakala za skrini nazo tukazitoa kwenye fungu la data, zikawa zinaombwa kutoka kumbukumbu ya mbali kwa farmalloc pale dirisha linapofunguliwa, na kurudishwa likifungwa. Linka akapita bila neno.

Kwa hesabu ya karatasi, baiti tulizookoa kwenye jedwali pekee zingetosha maneno mengine 2,400. Hatukuyajaza yote. Katika mtindo wa small, staki, mahali programu inapoweka mahesabu yake ya muda, nayo inakaa katika mtaa huo huo wa data. Ukiujaza mtaa mpaka mlangoni, linka anaweza kukupitisha halafu programu ikaanguka ikiwa inakwenda, na hilo ni balaa zaidi kwa sababu linatokea mbele ya watu. Lakini orodha ya mshikaji wangu ya maneno mia tatu ya kutoa, tuliigeuza upande wa pili tukaandikia mengine ya kuongeza.

Nisikupotoshe lakini. Si kila "pamejaa" ni hii. Kuna njaa ya aina ya pili, ambapo programu yako haijazidi kitu, ila linka mwenyewe ndiye anayekosa mahali pa kufanyia kazi. Ukiwa ndani ya Turbo C kwenye DOS, mhariri wa maandishi, kompaila, linka na faili zako wote wanagombea zile kilobaiti 640, na tayari kuna driva ya mausi na vijiprogramu vingine vilivyojificha tangu mashine ilipowashwa. Dalili yake ni ujumbe wa kumbukumbu kwisha usiotaja fungu wala segimenti yoyote. Hapo usiguse maneno yako hata kidogo. Toka nje, andika MEM /C, DOS itakuorodheshea nani amekalia nini. Toa visivyohitajika. Kuanzia MS-DOS 5.0 ya mwaka 1991, mstari wa DOS=HIGH pamoja na HIMEM.SYS uliweza kuihamisha sehemu ya DOS yenyewe kwenda juu ya megabaiti ya kwanza. Kisha itisha TCC na TLINK kwa amri za mkono, bila ile nyumba nzima ya menyu. Mara nyingi programu iliyokataa ndani hukubali nje. Watu wa Turbo Pascal nao walikuwa na swichi ya kumwambia linka atumie diski badala ya kumbukumbu. Inakwenda polepole, lakini inafika.

Kwa hiyo swali la kwanza daima ni hili: nani amejaa, mzigo au mpagazi?

Baada ya ushindi ule tulianza kufikiri mbali zaidi. Chukua kitenzi soma. Kwa nafsi sita za watu na nyakati nne tu, na, li, ta, me, unapata maumbo 24: ninasoma, ulisoma, atasoma, tumesoma. Bado hujaweka ukanushi, hujaweka ngeli, hujaweka somea na somesha na someka. Ukitaka kuyahifadhi yote neno kwa neno, hata megabaiti 4 hazitoshi. Lakini mtoto wa miaka mitatu pale Kariakoo anayo yote kichwani, na hajayakariri. Anazo sehemu, na anajua kuziunganisha. Kiswahili chenyewe, msomaji, ni linka. Katika alinisomea kuna vipande vitano, a, li, ni, some, a, na kila kimoja kinajua pengo lake. Usiku mmoja tukaacha kukusanya maumbo ya vitenzi, tukaanza kukusanya mizizi na viambishi. Ilikuwa kazi ngumu na hatukuimaliza. Kila tulipodhani tumeshika kanuni, lilitokea neno kuja au kula likatucheka, linavyong'ang'ania ku yake katika anakuja na kuidondosha katika haji. Lakini tangu siku hiyo sijasikia tena mtu akisema lugha hii haifai kwa kompyuta nikamwacha apite.

Wewe wa leo utasema hayo ni mambo ya makumbusho. La hasha. Desemba 2011, waliokuwa wanatengeneza Firefox walikwama kwenye toleo la Windows la biti 32: linka aliishiwa nafasi ya anwani, gigabaiti 3 safari hii, akiwa anaishona programu. Ilibidi wazuie mabadiliko mapya kwa muda huku wakitafuta cha kutoa kwenye mshono ule. Kwenye mashine za sasa za biti 64, programu ikiwa na data kubwa isiyohama kupita gigabaiti 2, linka wa Linux anaweza kukuambia relocation truncated to fit. Huyo ni Fixup overflow yule yule, amevaa suti: pengo ni fupi, anwani ni ndefu. Na kijana anayejifunza leo kwa kibao cha Arduino Uno ana kilobaiti 32 za programu na baiti 2,048 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Huyo anaishi mwaka wetu wa 1997 bila kuwa na MEM /C.

Kipimo kinakua, lakini kosa halibadiliki tabia. Linatokea pale sehemu zilizo sahihi kila moja peke yake zinapokutana chini ya dari moja, na dari hilo aliliweka mtu mwingine, mahali pengine, kwa sababu zake. Mhandisi wa 1978 kule California hakuwa na nia mbaya na mshairi wa Tanga. Hakumjua. Ila namba yake ilifika mpaka kwenye meza yetu na kutuuliza ni neno lipi liondoke, na tulikuwa karibu kujibu.

Nawaandikia haya nyinyi mnaoanza kuandika, hata wale ambao hamtagusa kompaila maisha yenu yote. Ipo siku mtaambiwa kazi yenu imezidi: kurasa zimezidi, dakika za redio zimezidi, fomu ina nafasi ya jina moja tu na wewe una matatu. Na mkono wako utakimbilia kukata kile ambacho watu wengine hawakitambui upesi, lile neno la bibi, ile lafudhi, kile kipande cha nyumbani. Uzuie kwanza. Kaa na karatasi na kalamu, ugawanye, uone kila kitu kimechukua nafasi gani. Huenda kweli pana cha kukata. Lakini kikatwe kile kilichojaza mahali, kisikatwe kile kisicho na mtetezi. Mwambie anayekuhimiza akupe ramani. Kama hana, ichore mwenyewe.